Istilahi za Kompyuta Zikiwa Kazini: Mfano wa Skana ya Negativu

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa mjadala wa majina ya vitu. Tumeshindana juu ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Tumeulizana iwapo kile kidude cha mkononi kiitwe kipanya au mausi. Na tumeandika orodha ndefu za nomino, kila moja ikiwa na mwenziwe wa kigeni upande wa pili wa ukurasa. Kazi hiyo haikuwa bure. Mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilidhihirika kwamba lugha yetu inaweza kubeba shughuli za chombo hicho bila ya taabu. Hata hivyo, orodha ya majina haitoshi. Jina huonyesha kitu kikiwa kimetulia, ilhali mtumiaji huihitaji istilahi zaidi pale kitu kinapokataa kufanya kazi. Hapo anachokitafuta si jina peke yake, bali ni kitenzi: afanye nini, aache nini, na atangulize lipi.

Katika makala haya tunakusudia kuzipima baadhi ya istilahi zinazotumika sasa kwa kuziingiza katika kazi moja tu ya nyumbani, nayo ni kuweka programu ya skana ya negativu katika kompyuta na kutafuta ubovu inapogoma. Tumeichagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, inahusu mali ya watu wengi. Katika masanduku ya nyumba nyingi na katika makabati ya studio za zamani zimo negativu za harusi, za shule, za mikutano ya hadhara na za wazee waliokwisha kufariki. Negativu za plastiki ya asetati huoza. Joto na unyevu huharakisha kuoza huko, nazo huanza kutoa harufu ya siki, hujikunja na kusinyaa. Zile za rangi hufifia. Picha ya karatasi ikipotea, negativu yaweza kutoa nyingine. Negativu ikioza, hakuna pa kurejea. Kwa hiyo mtu anayeshindwa kuiwasha skana yake kwa kutoyaelewa maelekezo hapotezi jioni moja tu. Pili, kazi yenyewe inazikutanisha fani mbili, upigaji picha na kompyuta, kila moja ikiwa na msamiati wake, na aghalabu maneno hugongana pale fani mbili zinapokutana.

Kazi yenyewe

Yafaa kwanza tueleze kinachotendeka. Skana ya negativu hupitisha mwanga katika filamu na kuupokea upande wa pili, mstari baada ya mstari, hadi picha nzima imekwisha kusomwa. Negativu ya kawaida ya milimita 35 ina picha yenye upana wa milimita 36 na urefu wa milimita 24. Ikisomwa kwa nukta 4,000 kwa kila inchi, hupatikana picha yenye nukta kama 5,670 kwa 3,780, yaani zaidi kidogo ya nukta milioni 21. Kila nukta ikihifadhiwa kwa rangi tatu za biti 16, picha moja huchukua baiti zipatazo milioni 128, na mkanda mmoja wa picha 36 huchukua karibu gigabaiti 4.6 za diski. Tunazitaja tarakimu hizi kwa sababu zitatufaa baadaye.

Ili kompyuta iweze kuiongoza skana, huhitaji programu mbili. Ya kwanza ni ile anayoiona mtumiaji, yenye vitufe na picha. Ya pili haionekani: ni programu ndogo iliyo kati ya mfumo wa kompyuta na chombo, inayoufahamisha mfumo namna ya kuzungumza na chombo hicho. Mafundi wetu wa mijini huiita draiva. Maelekezo ya skana nyingi huagiza kwamba programu iwekwe kwanza, ndipo waya wa USB uchomekwe. Mtu akitanguliza waya, yawezekana mfumo ukakipa chombo draiva isiyo yake, au ukakiandika kuwa chombo kisichojulikana. Hapo dawa ni kuchomoa waya, kuondoa draiva isiyofaa, kuiwasha kompyuta upya, na kuanza tena kwa utaratibu unaotakiwa.

Hizi si hatua ngumu. Swali letu ni kama Kiswahili tunachowapa wananchi kinaziwezesha zifuatwe.

Kufunga, kuweka na kusakinisha

Neno la kwanza linalotukabili ni lile la kuiingiza programu katika kompyuta ili ikae humo tayari kwa kazi. Kuna wanaosema kufunga, kama vile fundi anavyofunga injini au pampu ya maji. Kwa mashine ya chuma neno hili halina dosari. Kwa programu lina dosari kubwa, kwani kufunga ni pia kuizima programu iliyo wazi. Maelekezo ya kawaida husema kwamba kabla ya kuanza kazi hii, programu nyingine zote ziwe zimezimwa. Kwa mtindo huo tutapata sentensi hii: “Funga programu zote kabla ya kufunga programu hii.” Msomaji mwelevu atacheka, kisha atakisia. Msomaji mgeni atakwama, na wala hatuna haki ya kumlaumu.

Kusakinisha ni neno bora zaidi. Limetokana na sakini, yaani kukaa mahali, na sura yake ni ya Kiswahili halisi: kumfanya mtu asakini ni kumsakinisha. Limekwisha kuenea katika simu za mkononi, na kulifukuza sasa kungekuwa kuwatesa watu. Upungufu wake uko katika kinyume chake. Tumeliona neno sanidua likitumika kwa maana ya kuiondoa programu. Neno hilo limezaliwa na sanidi, yaani kutayarisha au kupanga mipangilio, wala si na sakini. Kwa hiyo mtu husakinisha kisha husanidua. Jozi imevunjika, na mantiki ya unyambuaji, ambayo ndiyo fahari ya lugha za Kibantu, haimsaidii msomaji. Linganisha na maneno ya fundi wa umeme: huchomeka, kisha huchomoa. Asiyewahi kulisikia neno la pili ataling'amua kwa kulijua la kwanza.

Tena kuna tofauti kati ya kuiondoa programu na kuifuta. Anayeifuta aikoni iliyo juu ya kioo hajaiondoa programu. Hata anayelifuta kabrasha lake lote huacha nyuma mabaki katika kumbukumbu za mfumo, na mara nyingi mabaki hayo ndiyo yanayozuia programu ile ile isisakinishwe tena. Tafsiri nyingi huyachanganya haya mawili. Mtumiaji huambiwa “futa programu ya zamani”, naye hufuta aikoni, na ubovu hubaki pale pale.

Shina moja, vitu vinne

Kasoro kubwa kuliko zote tumeiona katika shina endesha. Shina hili limetwikwa mzigo usiostahiliwa na neno moja. Mfumo mkuu wa kompyuta huitwa mfumo wa uendeshaji au mfumo endeshi. Chombo chenye diski ndani yake huitwa kiendeshi. Ile programu ndogo inayoongoza skana huitwa kiendeshaji, na kwa waandishi wengine nayo huitwa kiendeshi. Hatimaye kuifanya programu ianze kazi huitwa kuiendesha. Tuitazame sentensi ifuatayo, ambayo tumeiunda kwa makusudi, ijapokuwa kila neno lake limo katika matumizi:

“Kiendeshi hakiendani na mfumo wa uendeshaji, endesha programu upya kutoka katika kiendeshi kingine.”

Kiendeshi cha kwanza ni draiva. Cha pili ni diski. Hakuna alama yoyote ya sarufi inayomwonyesha msomaji tofauti hiyo. Wanaotetea istilahi hizi husema kwamba zinafuata mfano wa lugha zilikotoka, ambako nako maneno haya yana uhusiano. Sisi twaona kwamba hoja hiyo haina nguvu. Tafsiri haikuumbwa ili irithi hata mikanganyiko ya jirani.

Madhara yake si ya kinadharia. Tuchukue skana za Nikon za jamii ya Coolscan, ambazo bado zinatafutwa na watu kwa ubora wa picha zake ijapokuwa uzalishaji wake umekwisha kukoma. Programu yake, Nikon Scan, katika toleo lake la 4 ilitengenezwa kwa ajili ya mifumo ya Windows ya biti 32, kama vile XP. Mifumo ya biti 64 haikutengenezewa draiva. Kwa hiyo mtu aliyenunua Coolscan ya mkono wa pili na kuiunganisha na kompyuta ya siku hizi hukuta kwamba skana ni nzima, waya ni mzima, diski ina nafasi, lakini kazi haifanyiki. Kinachokosekana ni draiva peke yake. Tiba zake zinajulikana: kutumia kompyuta ya zamani yenye mfumo wa biti 32, au kutumia programu nyingine inayoziunga mkono skana za zamani, kama vile VueScan, iliyoanza kutolewa mwaka 1998. Lakini mtu huyo akiambiwa kwamba “kiendeshi hakikupatikana”, naye akaelewa kwamba ni diski, ataifungua kompyuta bila sababu, au atanunua diski mpya bure.

Kinyume chake nacho hutokea. Tumekwisha kuona kwamba mkanda mmoja wa picha huweza kuchukua gigabaiti 4.6. Diski ya kompyuta ya nyumbani ikijaa katikati ya kazi, programu hutoa taarifa. Taarifa hiyo ikisema kwamba “kiendeshi kina hitilafu”, mtumiaji aweza kuiondoa draiva iliyokuwa nzima kabisa, na hivyo akaongeza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sahihi na saini

Windows za biti 64, tangu Vista iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, hudai kwamba draiva zinazofanya kazi katika kiini cha mfumo ziwe zimetiwa saini ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha nani aliyeitoa draiva na kwamba haikubadilishwa baadaye. Draiva isiyo na saini hukataliwa. Hapa Kiswahili kina maneno mawili, sahihi na saini, na katika barua yoyote hubadilishana nafasi bila ya madhara. Katika kompyuta hayabadilishani. “Draiva haina sahihi” na “draiva si sahihi” ni taarifa mbili zenye tiba mbili. Ya kwanza inamwambia mtumiaji atafute ushahidi wa asili ya draiva na apime kama anamwamini aliyeitengeneza. Ya pili inamwambia kwamba amechukua draiva ya chombo kingine. Mwenye kuzichanganya aweza kuzima ulinzi wa kompyuta yake kwa ajili ya draiva ambayo hata ingekubaliwa isingefaa kitu. Kwa kuwa saini tayari ni neno la Kiswahili na lina maana moja, hatuoni sababu ya kulikwepa.

Kusafisha, kuchanganua na picha hasi

Sasa tuingie upande wa studio. Mpiga picha wa zamani aliposema anasafisha picha, hakuwa na maana ya kupangusa vumbi. Kusafisha kulikuwa ni kuitia filamu katika dawa ndani ya chumba cha giza ili picha ijitokeze. Neno hili lilienea mno, na wengi wa rika la wazazi wetu bado wanalielewa hivyo. Maelekezo ya skana nayo husema “safisha negativu kabla ya kuiingiza”, na makusudio yake ni kupuliza vumbi tu. Ndani ya programu kuna amri ya tatu, ile ya kuondoa alama za vumbi na mikwaruzo kwa kutumia mwanga usioonekana, na hii pia hutafsiriwa kuwa kusafisha.

Hatari iko katika amri hii ya tatu. Mwanga huo hupenya rangi za negativu za rangi na kuzuiwa na vumbi, na kwa njia hiyo programu hutambua mahali pa vumbi. Negativu nyingi za rangi nyeusi na nyeupe zimeumbwa kwa chembe za fedha, ambazo huuzuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia. Programu basi hudhani kwamba picha yenyewe ni uchafu na kuanza kuifutilia mbali. Uso hupoteza mistari yake na nguo hupoteza nakshi. Picha nyingi za wazee wetu ni za namna hii. Mtu anayeona kitufe kilichoandikwa “safisha” atakibonyeza bila wasiwasi, kwani nani asiyetaka picha safi? Kingeandikwa “ondoa alama za vumbi: filamu za rangi tu”, angesita.

Kuhusu kusoma picha kwa skana, tumeyaona maneno matatu: kuchanganua, kutambaza na kuskani. Kuchanganua ni neno la sarufi na la maabara, lenye maana ya kutenga sehemu za kitu ili kikaguliwe. Tena ndilo linalotumika kwa kuikagua kompyuta kama ina virusi. Kutambaza lina taswira nzuri, ya mwanga unaotambaa juu ya picha, na tunalisifu kwa hilo, lakini maneno haya mawili hatujayasikia madukani wala katika studio. Watu husema kuskani, na picha iliyoskaniwa, na viambishi vya Kiswahili vimelipokea neno bila ya ugomvi.

Vivyo hivyo kuna picha hasi. Hasi na chanya ni istilahi nzuri za hesabu na za umeme. Tukizipeleka studio zinageuka maana, kwani siku hizi magazeti husema kwamba jambo fulani limejenga picha hasi ya mji au ya kiongozi. Negativu ni neno lililozoeleka kwa mafundi wa picha, wala halina maana nyingine ya kuligombania.

Hoja ya muktadha

Najulikana kwamba tutajibiwa: muktadha utaondoa utata. Hoja hii ina ukweli wake, na kwa lugha ya kila siku tunaikubali. Hakuna anayechanganya kaa la moto na kaa wa pwani. Lakini muktadha ni msaada wa yule anayeijua hali. Fundi akisoma “kiendeshi” hutambua mara moja ni kipi, kwa kuwa ameshauona ubovu huo mara mia. Mwalimu mstaafu aliye nyumbani na skana yake hana muktadha. Anayo sentensi moja tu juu ya kioo, na ndiyo anayotegemea impe muktadha. Istilahi inayoeleweka na mjuzi peke yake haijatimiza wajibu wake, maana mjuzi hakuihitaji.

Hoja nyingine ni kwamba kupokea maneno kama draiva na kuskani ni kuidhoofisha lugha. Gereji zetu zilipokea breki, klachi, gia na spana, na hatujasikia kwamba Kiswahili kilikonda kwa ajili hiyo. Tena draiva imejitenga yenyewe na dereva, aliyetangulia kuingia kutoka shina hilo hilo: mmoja hushika usukani, nyingine huongoza chombo. Wasemaji wamekwisha kuifanya kazi ya kutenganisha. Sisi tunakuja nyuma yao na kuyaunganisha tena katika neno kiendeshi, na tunaita huko kusanifisha.

Mapendekezo

Kutokana na haya tunapendekeza kipimo kimoja kiongezwe katika vile vinavyotumika kupitisha istilahi. Pamoja na kuuliza kama neno ni fupi, linanyambulika na linakubalika, iulizwe pia: chombo kinapoharibika, je, neno hili linamtenganishia mtumiaji mambo mawili yenye tiba mbili? Kama halitenganishi, lirudishwe, hata likiwa zuri kwa sikio.

Kwa kazi tuliyoichambua, twaona yafaa yafuatayo. Kusakinisha programu libaki, na kinyume chake kiwe kuondoa programu; kufuta kubaki kwa faili, makabrasha na aikoni. Kufunga kuwe ni kuizima programu iliyo wazi tu. Draiva itumike kwa programu inayoongoza chombo, diski kwa mahali pa kuhifadhi, na mfumo endeshi ubaki peke yake na shina lile. Saini itumike kwa uthibitisho wa draiva, na sahihi iwe kinyume cha makosa. Kuskani kuwe kwa picha na maandishi, na kukagua kuwe kwa virusi. Kwa negativu, tuseme kusafisha kwa dawa, kupuliza au kupangusa vumbi, na kuondoa alama za vumbi, kila moja mahali pake. Hali kadhalika, taarifa za ubovu ziite hitilafu ile iliyo ya chombo, na neno kosa liachwe kwa jambo alilolifanya mtu. Si haki kumwambia mwananchi kwamba amekosa, na hali kilichokosekana ni draiva.

Baadhi ya mapendekezo haya yatapingwa, na ndivyo inavyotakikana. Tunachoomba ni kwamba ubishi huo usifanyike mezani na orodha peke yake. Maneno yapelekwe kwa mtu mwenye skana, waya na sanduku la negativu, apewe maelekezo ya Kiswahili tupu, nasi tuangalie anakwama wapi. Aidha tunawaomba mafundi wa kompyuta na wapiga picha wanaolisoma jarida hili watuletee maneno wanayoyatumia kazini, hata yale wanayoyaona ya mtaani. Fundi anayesema amepiga Windows hajaandika istilahi sanifu, lakini mteja wake amemwelewa, na kompyuta imewaka.